Mpande

Ndani ya sanduku la mama, chini ya liputa la harusi,
kuna kisahani cheupe chenye tundu katikati
na mchirizi unaozunguka, kama kidole kilichokoroga uji.
Mpande. Babu Banza aliuvaa kifuani
siku aliyosimikwa, na bahari hakuiona
hadi alipofukiwa.

Hapa Katuba tunaoneshana mlima mweusi wa masazo ya shaba,
na vumbi jekundu linaloingia hata kwenye chumvi.

Mwalimu Mutombwe aliugeuza mpande kiganjani:
"Hiki ni kitako cha konokono."
Nikacheka. Mfalme avae konokono?
"Usimcheke," akasema. "Yeye hacheki."

Hana mbio. Samaki akimpita
ni baiskeli ya makala inampita kikongwe.
Basi hujifukia mchangani, huacha pua yake nje
inuse maji yanayopita.
Ana jino lenye tundu, jembamba, lenye ndoano;
hulichoma mara moja, hulitupa,
huvuta lingine kutoka podoni.
Samaki hukakamaa kabla mkia haujamaliza kupinda.

Na yupo binamu yake asiye na haraka hata ya kuchoma.
Hufungua kinywa, kipana kama neti ya mbu inayokung'utwa,
na kumwaga majini (nilimwambia mwalimu arudie)
insulini.
Sukari ya samaki hushuka.
Samaki husahau kuogelea,
huingia mwenyewe, kama mlevi
anayeingia nyumba isiyo yake na kuvua viatu.

Insulini naijua.
Kwetu hukaa katika mtungi wa udongo uliozungushiwa mchanga mbichi,
maana umeme wa Katuba una tabia za mgeni.
Ni mimi ninayehesabu vistari kwenye sindano
na kubana ngozi ya tumbo lililonizaa.

Mwezi wa tisa foleni ya maji ilichelewa,
bukari ikachelewa,
sindano haikuchelewa.
Nilimkuta mama ameketi mlangoni, jasho tupu,
macho kama kioo cha duka lililofungwa,
akiniita Kafwaya,
jina la dada yake aliyezikwa Kipushi.
Vijiko vinne vya sukari kikombeni. "Kunywa, mama."
Mikono yangu ilitetemeka kuliko yake.
Akanywa. Akauliza kwa nini chai haina majani.

Nilirudi kwa mwalimu na hasira, sijui ya nani.
Nikamuuliza: ni dawa au ni sumu?
Hakunijibu hilo. Alichora mfereji mrefu ubaoni,
akaukata kwa chaki.
Upande huu, sumu ya kuwindia, yenye kubembeleza.
Upande huu, ya kujilinda:
pweza akimshika, au mkono wa mtu aliyependa rangi zake,
hupewa hii, na hii haibembelezi.
Dawa ya kuipinga haipo.
Watu hukupulizia pumzi, wakasubiri ipite.

"Lakini huyu wa kwenu," akaongeza akifuta ubao,
"labda alikuwa mla minyoo tu.
Usimpe sifa za binamu."

Nilibeba mpande hadi nyumbani ndani ya soksi.
Njiani niliwaza mikono iliyoupitisha kutoka pwani,
misalaba ya shaba iliyotolewa kwa ajili yake,
na yule mwenye nyumba, aliyechemshwa
au kuachwa aoze juani, jino lake likiwa tayari.
Mla minyoo. Na bado watu walimpigia magoti.

Mama hakushangaa. Alisema baba yake
alikuwa akiulaza chini ya mto
usiku ambao ndugu zake walikuja kunywa pombe.
Zaidi ya hapo hakusema.

Siku hizi, kabla sijavuta dawa, nauliza mara mbili:
"Umekula?"
Ananichungulia kupitia tundu la mpande,
jicho moja, jeusi, zima.
"Na wewe?"