Hamsini na Sita

Kwenye pakiti wameandika kwamba zilianza kisiwani,
kwa bibi mmoja na viungo vyake hamsini na sita,
siri ya ukoo.
Wamemchora na kilemba. Anacheka.
Nimesimama dukani Nyegezi, nimeigeuza pakiti huku na huku,
nimesoma mpaka tarehe ya kuharibika.

Viungo vilikuwa vitatu.
Chumvi, pilipili kichaa, ndimu.
Na mafuta ya pamba, kama kuna mtu anayehesabu mafuta.

Ilikuwa Kigongo, kabla ya daraja.
Mvua ilinyesha siku nne, dagaa wa mama
wakalala juu ya mawe bila kukauka,
madebe kumi ya mkopo yakaanza kunuka polepole.
Mnunuzi wa chakula cha kuku akaja na bei yake ya kuku.
Mama, Ng'wasi binti Lushinge, akamtazama kitambo,
akasema, "Wanangu hawajawa vifaranga."
Akaenda kuazima karai kwa jirani.

Siku hiyohiyo kivuko kikagoma upande wa Busisi.
Malori yakajipanga hadi kilimani:
marobota ya pamba, ng'ombe wa mnada,
bibi harusi aliyevua viatu, miguu kaitoa dirishani.
Njaa ikashuka kwenye magari kabla ya abiria.

Dagaa wakapakwa unga wa muhogo, wakatumbukizwa,
chwaaa,
wakatoka wakavu kuliko jua lingewakausha.

Karatasi hakuna.
Palikuwa na daftari langu la hesabu, darasa la nne,
lililokwisha kupoteza jalada la nyuma,
lile lenye jedwali la kuzidisha.
Nililiona likichanwa. Sikulia, nilikuwa natafuna.

Dereva mmoja wa Geita, Lugwisha, mwenye pengo,
alipomaliza akaikunjua koni, akaiinua kwenye mwanga:
saba mara nane, hamsini na nne,
na pembeni kosa jekundu la Mwalimu Bwire.
Akarudi kwenye karai. Nikadhani anadai chenji.
"Mwambie mtoto ni hamsini na sita," akasema.
"Halafu nipe nyingine."
Wa nyuma yake hakusikia vizuri.
"Na mimi nipe hiyo hamsini na sita."

Ni hivyo tu. Hakuna aliyeoteshwa.
Jioni jina lilikuwa limeshavuka maji,
kivuko chenyewe bado.

Jumatatu nilichapwa viboko kwa kukosa daftari.
Vilikuwa sita. Hizo nilizihesabu bila kosa.

Baadaye kila ndoo yenye mfuniko pale Kigongo
ilikuwa na mwenyewe aliyeanza yeye, tena wa kwanza kabisa.
Mama hakubishana na mtu.
"Dagaa ni wa ziwa, mvua ya Mungu,
kosa la mwanangu.
Changu ni karai. Na karai la jirani."

Siku magari yalipoanza kupita juu
alikwenda na ndoo yake, akasimama.
Dakika chache, ng'ambo. Vioo vimefungwa.
Alirudi nayo imejaa, tukala usiku kucha,
akasema daraja ni zuri,
wajawazito hawatajifungulia tena kwenye foleni.
Halafu akanyamaza, akanoa kisu ambacho hakikuwa butu.

Nimelipa. Nimefungulia nje, chini ya taa ya barabarani.
Wametia sukari.

Nimezila zote, lakini,
kisha kwa mazoea nikaichana pakiti, nikaikunjua,
nikaisogeza kwenye mwanga.
Ndani inang'aa kama kioo,
haina swali hata moja.