Elfu Arobaini

Barabara ya Saba, risiti ya dukani yasema:
"Kuandaa kompyuta mpya, 40,000."
Nilisimama pale kaunta, soda mkononi,
nikimtazama kijana mwenye fulana ya duka
akibonyeza Endelea, Endelea, Nakubali.
Nakubali nini? Hakusoma. Nami sikuuliza.
Soda haikufika nusu, kazi imekwisha.

Kwa fedha hiyo, Kibaigwa
ningerudi na madebe mawili ya mtama.

Nyumbani Nkuhungu nikaiwasha.
Ikanisalimu: Karibu, Mteja 14.
Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikaniishia.

Maana mwaka juzi, ile kuukuu ilipokabwa na vumbi,
vumbi letu la kiangazi lisilobisha hodi,
Mbijima wa Majengo, kibandani mwake mwa bati,
aliichokonoa kwa brashi ya kupakia rangi
mpaka taa za majirani zikazimwa,
akazitoa picha za arobaini ya baba
moja, moja, kama anayetoa miiba mguuni.
Alidai elfu nane.

Nikambana hadi sita.
Akakubali.