Sahani ya Tisa

Miaka kumi na tisa nilihesabu masanduku ya samaki
katika kiwanda cha Klaksvík,
kalamu ikining'inia shingoni kwa uzi wa nyavu.
Sanduku likipotea, lilikatwa kwenye mshahara.
Basi nikajifunza kuhesabu kama mlinzi wa lango:
kila anayepita ni mshukiwa.

Kiwanda kilifungwa. Sasa nahesabu viatu vya mvua,
vyekundu, vya manjano, ukutani,
vikichuruzika maji ya asubuhi.
Turið, mwalimu wao, aliye rika la binti yangu,
aliniambia siku ya kwanza:
"Usiwafundishe namba, Marjun. Waache wakutane nazo."
Nilicheka kimoyomoyo.
Namba si jirani, hata ukutane naye njiani
mpeane habari za mvua.

Lakini Rannvá kalala kifudifudi sakafuni,
anapanga mawe ya ufukweni toka bonge hadi punje:
"Huyu baba. Huyu mama. Huyu mimi.
Na huyu mimi, kabla sijazaliwa."
Bárður na Eyðun wanagombea mchanga,
kopo refu, kopo pana, nani kapata mwingi?
Wanamimina, wanamimina tena,
wanaduwaa: mchanga uleule
huku umefurika, kule haufiki nusu.
Nauma ulimi.
Ulimi wa karani ni mgumu kuumika.

Ngazi za mlangoni tunazipanda kwa sauti.
Sólja husema moja, mbili, tatu, nne, sita.
Nikamsahihisha wiki nzima, mpaka nikainama, nikaona:
ngazi ya tano ina dimbwi.
Huiruka kwa mguu, huiruka kwa mdomo.

Glavu zikikauka juu ya kipasha joto
tunazitafutia wenzi.
Moja ilibaki, ya kijivu, ya mkono wa kushoto.
"Hii ni mjane," Bárður akasema,
kisha akanitazama kitambo,
akailaza kando ya glavu yangu.

Wanajua tayari, hakuna aliyewaambia,
kwamba moja hubadili nguo kwa kila mgeni:
mtoto mmoja, kiatu kimoja, jiwe moja.
Liliwaingia pamoja na maziwa.

Wote, ila Høgni.
Høgni hasemi. Tangu theluji ya kwanza
hajahesabu hata kidole chake.
Katika kijitabu changu cha mfukoni,
kile cha kiwandani, chenye harufu isiyotoka,
niliandika mbele ya jina lake: sufuri.

Ijumaa ilikuwa zamu yake kuandaa meza.
Akachukua sahani, akaiweka, akagusa kiti,
akarudi kabatini.
Sahani, kiti. Sahani, kiti.
Hakubeba mbili kwa pamoja, hata nilipomwonyesha;
kila mtu alipewa safari yake.
Watoto walikuwa wanane.
Nikahesabu toka mlangoni, mazoea yana tabu:
sahani tisa.

Mkono wangu ulikwisha kuifikia ile ya ziada
ndipo nikaona imewekwa wapi.
Kiti cha Silja.
Silja aliyepelekwa hospitali Tórshavn, wiki ya pili sasa,
ambaye sisi wakubwa tulimfuta Jumatatu
kwenye orodha ya supu.

Høgni aliishika sahani ukingoni kwa vidole vyote.
"Tisa," akasema.
Wala hakupaza sauti.
Alisema kama mtu anayekutajia jina la mtaa wake.

Turið alisimama na mkate mkononi.
Mimi, niliyekatwa mshahara kwa sanduku moja,
nilitafuta kosa langu, nikaliona lilipo.
Nikashika upawa, nikapakua supu ya watu tisa.

Ile ya tisa ilipoa, hakuna aliyeigusa,
isipokuwa Rannvá, aliyeiba karoti.
Tukainamia bakuli, vichwa vikigongana,
tukahesabu zilizobaki:
nne.
Na nusu, akasema Eyðun,
maana Rannvá alikuwa bado hajameza.