Goti la Kushoto

Saa tano usiku, Kipunguni, umeme umerudi,
nami napanga viti vya ndege nisiyoipanda.
Kwenye kioo cha simu vimejipanga vijumba vidogo:
vya kijani vitupu, vya kijivu vina wenyewe.
Nabonyeza kimoja, kinageuka rangi ya chungwa.
Nakiachia. Nabonyeza cha jirani yake.
Mama amelala chumba cha pili, mguu juu ya mto,
goti jipya la chuma likizoeana na nyama ya zamani.

Daktari alisema: wa kulia ukunje upendavyo,
wa kushoto uuachie njia.
Basi nimechora ndege nyuma ya bahasha ya eksirei,
pua juu, mkia chini,
nikamkalisha Mama kila mahali, kwa kidole.
Akikaa upande wa kushoto, ujia uko kuliani kwake,
goti bovu linabanwa ndani.
Akikaa upande wa kulia, kando ya ujia,
la kushoto linapata pa kunyooka
mpaka toroli la soda lipite.

Haya. Ndege ipi?
Kuna ile kubwa ya alfajiri,
ngozi mpya vitini, watatu kwa watatu,
inafika kabla chai haijapoa;
lakini ngazi yake ni ya kusukumwa,
nimehesabu vidato pichani, nikachoka kwa niaba yake,
na bawa limetandazwa chini ya madirisha
kama meza: huioni nchi, unaona misumari.
Na kuna ile ya mapangaboi, wawili kwa wawili,
bawa liko juu, kama upenu,
ngazi ni mlango wenyewe ulioinama, vidato vitano,
inanguruma kama mashine ya kusaga
na inachelewa nusu saa zaidi.

Anyelwisye kapiga simu kutoka Uyole:
"Dada, chukua ya bei nafuu. Kiti ni kiti."
Kiti si kiti.
Cha mbele kina elfu ishirini juu yake,
cha mlango wa dharura hakimtaki mwenye fimbo,
cha nyuma kabisa hakilali, na kimepakana na choo.

Jioni nilimwuliza, akimenya ndizi.
"Dirishani," akasema, kama anayeomba chumvi.
"Nataka kuiona Kitonga kwa juu."
Pale basi lilikatika ekseli, mwaka ambao mimi
nilikuwa mgongoni, nina surua.
Akaupanda mlima kwa miguu, usiku, akinisemesha
nisije nikanyamaza.
Goti la kushoto, anasema, lilianzia pale.
"Dirisha lina elfu kumi yake, Mama."
"Kumbe wanauza kiti mbali, dirisha mbali?
Na hewa je?"

Jicho linataka dirisha, goti linataka ujia.
Kitonga, nashukuru, iko kuliani.
Kwenye ile kubwa watu wawili wangekaa
kati ya Mama na mlima wake;
kwenye ile ya kelele, mmoja tu.
Saba C. Nabonyeza. Chungwa.

Saba D, ya dirishani, bado kijani,
na nauli ya pili sina.
Nakitazama kijumba kile mpaka simu inazima taa yake.
Wewe utakayekinunua, sikujui,
usiwe mnene sana,
usishushe pazia,
usiwe mtu wa usingizi.

Alhamisi, saa sita kasoro, kapiga kutoka Songwe,
upepo unapuliza ndani ya sauti yake.
"Kijana wa watu alilala tangu Dar, mdomo wazi."
Sasa ukafanyaje?
"Nikamwegemea, nikachungulia."
Ukaiona?
"Wingu tupu, mwanangu. Jeupe, mpaka mwisho wa macho."
Nikakosa la kusema.
"Ila nilimwamsha," akasema.
"Nikamwonyesha."