Nukta ya Aprili

Miezi kumi na miwili, nukta kumi na mbili.
Chini nimepanga saa za mashine,
kando, shilingi za umeme, mafuta, vipuri.
Kiwanda cha sabuni, Barabara ya Lusaka,
saa mbili usiku, chai imeshapoa.

Mstari unapita kati yazo
bila kuigusa hata moja,
kama mpima ardhi
baina ya ndugu wanaogombania shamba.

Unapoanzia, saa zikiwa sufuri,
tayari ni laki tatu na elfu arobaini:
kodi, bima, taa ya lango,
Makokha na rungu lake akilinda kimya.
Kufunga nako kuna bei.

Kila saa inayozidi, mia sita na ishirini.

Ila Aprili. Aprili imekaa juu, peke yake.
"Ifute," asema Bi. Kerubo, "inauvuta mstari."
Bomba la mvuke lilipasuka Aprili.
Risiti ya teksi, Mwende na mkono wake
uliofungwa kwa aproni hadi hospitali,
niliiingiza mwenyewe, chini ya "mengineyo".

Nimeifuta. Nukta zimeusogelea mstari,
bajeti itapita asubuhi.

Kwenye daftari langu, kwa penseli,
nimeirudisha.