Senti Arobaini

Saa nane za usiku, Cleveland.
Basi la mwisho limeshakwenda zake,
theluji inaanguka kama haina haraka.
Nimevaa koti juu ya aproni,
na ndani ya aproni mna mshahara wangu wa kweli:
sarafu, noti zilizokunjwakunjwa,
moja, ya dola tano, imeingia mchuzi wa nyanya.
Ule mshahara mwingine, wa hundi, ni wa kuchekesha;
tajiri wangu anaamini wateja watamalizia.

Leo meza ya saba, watu wanane.
Walilisoma jina langu kifuani, BERNI,
wakaliita kama walilinunua pamoja na viazi:
Berni, barafu. Berni, mtoto kamwaga.
Berni, hii nyama mbona inanitazama?
Nikacheka. Kucheka kumo katika bei.
Walipoondoka nikainua sahani moja moja
kama mtu atafutaye hereni.
Chini ya ile ya mwisho, risiti:
wamechora uso unaotabasamu.
Mkono mtupu haulambwi, lakini wao
walitaka niulambe, na sahani nizikombe.

Basi nikaita teksi.

Dereva ni mzee mwenye kofia ya sufu,
kadi yake inaning'inia penye kioo: Anselm Pettway.
Nimelisoma mara tatu, sikuliita.
"Zamu ya saa ngapi?" akauliza.
"Kumi na mbili."
Akaguna, guno la anayejua,
akaisukuma joto ije nyuma kwenye miguu yangu,
akapunguza redio kabla sijaomba,
akalikwepa shimo la Mtaa wa Lorain
kama ninavyolikwepa mimi goti la mtoto
aliyenyoosha miguu njiani, nami nina supu tano.
Fundi humjua fundi kwa anavyokata kona.

Mita: kumi na nne na senti sitini.
Hesabu niliijua. Nani aijue kama si mimi?
Asilimia ishirini ni dola tatu, kasoro kidogo.
Lakini Jumatatu kuna kodi, na gesi, na jino la Tadek,
na noti zangu zikaota ndimi vidoleni,
kila moja ikataja inakokwenda.
Kutoa ni moyo, si utajiri:
methali hii aliitunga mwenye vyote viwili.
Nikampa kumi na tano.
"Baki na chenji," nikasema,
kwa sauti ya mtu anayegawa shamba.

"Ahsante, dada. Usiku mwema."

Nami naijua ahsante hiyo.
Naifua kila siku, naipiga pasi, naivaa.
Haina hasira, haina kitu;
ni mlango unaofungwa polepole
ili mgeni asisikie kitasa.
Miaka kumi na moja nimewaambia wengine,
sikuwahi kukaa upande wake wa pili.

Nikashuka. Sikutazama nyuma.
Ngazi zina barafu.
Ufunguo umejificha miongoni mwa sarafu
(nyingi, kumbe, na zinalia kama zinanisengenya).
Napapasa, napapasa, na bado naviona vidole vyangu,
naliona tundu la kufuli,
naiona rangi ya mlango ilivyobabuka,
ndipo nikajiuliza naonaje,
na taa ya baraza imeungua tangu Novemba.

Ni yeye. Hajaondoka.
Mita imezimwa, kiti cha nyuma kitupu,
taa mbili za mbele kazielekeza mlangoni kwangu,
anangoja kufuli likubali.

Likakubali.
Nikageuka na noti ya mchuzi mkononi,
nikaipunga, nikafungua mdomo: "Bwana Pettway..."
Akadhani naaga.
Akapiga honi kidogo, mara moja,
akarudi kinyumenyume ndani ya theluji,
akaniacha gizani nimeshika dola tano.