Mhojiwa Namba Kumi na Saba

Mafiati, mwezi wa sita, saa moja asubuhi.
Loleza hajavua blanketi lake la ukungu,
nami naibembeleza mashine ipate moto
kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa.
Ikianza na baridi, hutafuna karatasi.

Huu ndio msimu wao. Wanakuja na flashi shingoni
kama hirizi, macho mekundu kwa kukesha:
"Dada Tusekile, nakala nne, jalada gumu,
herufi za dhahabu, leo hiihii."
Mimi niliishia kidato cha nne.
Lakini ikisiri nazisoma, zote,
karatasi zikiwa bado na joto.

Ndiyo maana najua
kwamba yuko chura kwenye misitu ya juu
ambaye mto ukifurika hupandisha sauti,
jike asije akampoteza;
kwamba matope ya ziwa la kreta yana kurasa,
na mita tatu chini mna chavua
ya miti iliyonyeshewa na mvua isiyo na shahidi;
kwamba neno lililokuwa mawili kinywani mwa bibi Msafwa
kwa mjukuu wa mjini limebaki moja,
na hakuna aliyesikia la pili likidondoka.
Anyosisye alipanda mistari arobaini ya maharage.
Thelathini na tisa ikanyauka.
Akaviandikia vifo hivyo kurasa themanini,
mwishoni akamshukuru Mungu na mlinzi wa shamba.

Nyota nazo nimejifunza.
Nyota mbili ndogo ubavuni mwa namba:
jambo hili halikutokea kwa bahati.
Namba isiyo na nyota wanaipita
kama mtu wasiyemdai.

Alhamisi akaingia Sigrada, binti wa uchumi,
sweta zito la Njombe, pua inamchuruzika.
Lumbesa na Kipato cha Wakulima Wadogo wa Viazi, Isongole.
Isongole ni kwetu.

Ukurasa wa sitini na moja.
Mhojiwa namba kumi na saba, mjane,
miaka sitini na mitatu, ekari moja na robo:
"Gunia likijaa wanalivika kilemba.
Kilemba hakilipwi.
Miaka ishirini mimi nalima vilemba.
Mgongo? Mgongo hauna bei sokoni.
Usiku nakunywa chai, nalala.
Mtoto ninaye mmoja, yuko mjini, ana mashine za karatasi.
Akipiga simu namwambia viazi vimekubalika."

Nakala ya pili ikakwama.
Nikafungua mlango wa mashine, nikaingiza mkono
mpaka kwenye kiwiko, nikakaa humo
muda mrefu kuliko karatasi ilivyohitaji.

Katika jedwali la nane hana jina wala namba.
Ni sehemu ya asilimia sabini na mbili.
Nyota mbili.

"Kuna kosa, dada?"
"Lipo. Umeandika vimekubalika.
Mtu wa Isongole hasemi hivyo.
Anasema vimekubali."
Akafungua daftari lake la shambani, akapekua, akacheka:
"Kweli! Vimekubali. Umejuaje?"
Nikamwambia ukurasa huo silipishi.

Nikatoboa, nikagundisha, nikabana kwa vibao.
Jalada la bluu, dhahabu ikang'aa.
Mia mbili na kumi kurasa, na kwenye mizani yangu ya vifurushi
hazikufika hata kilo moja.
Ule ukurasa wenye kosa uko chini ya kikokotoo.

Jioni nikapiga.
Nyuma yake kuku wanagombea kulala.
"Viazi vimekubali, mwanangu."
Sikuuliza viazi.
"Mama, jana usiku ulikula nini?"

Kikapita kimya ambacho
Sigrada angekipa safu yake kwenye jedwali.
Kisha mama akapandisha sauti, juu, juu zaidi,
kama aliye ng'ambo ya mto uliofurika:
"Halo? Halo! Tusekile!
Mtandao unakatika!"

Nami namsikia anavyopumua.